Vuli hii wageni wa kaskazini wameshafika: weka hapa ulichokiona (Mida, Sabaki, Tanga, Same na kwingineko)

Darubini Chakavu (Watamu)

Wadau, habari za vuli. Kila mwaka mwezi kama huu nafungua uzi, na kila mwaka wanachangia watu watatu, wawili kati yao wakiuliza kama hao ndege wanaliwa. Sijakata tamaa.

Anayeishi pwani anajua hali ilivyo: kusi lishakufa, kaskazi bado halijashika, joto la kukaanga, mvua inakuja ikikatika. Huko Siberia na Ulaya majani yameshapukutika na maziwa yanaanza kuganda, kwa hiyo kila ndege anayeishi kwa wadudu au vijidudu vya topeni ameshafunga safari. Wapo waliotufikia tangu Agosti. Ila foleni yenyewe ni Novemba hadi mwanzo wa Desemba.

Jumamosi nilikuwa Mida Creek. Ilikuwa bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa sana, na bamvua kwetu maji hukupwa saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa saa kumi jioni. Ukienda asubuhi utaona vidoadoa tu huko mbali kwenye tope. Mimi niliingia kwenye kibanda cha mwisho wa daraja la mikokoni saa saba mchana nikatulia. Maji yanapanda, ndege wanasogezwa taratibu mpaka wanafika unapokaa. Kufika saa tisa na nusu tope limekwisha, wote wameruka kwenda kulala kwenye mikoko.

Nilichoandika daftarini: vitwitwi mdomo-kombo zaidi ya 300, hao wanazaliwa Aktiki ya Siberia. Vitwitwi wa mchangani wakubwa na wadogo sikuweza kuwatenganisha wote, nimeandika 180 kwa jumla. Sululu 46. Yule mwenye mdomo uliopinda kwenda juu, anayekimbia kama mlevi aliyeona polisi, 22. Keremkerem wekundu 60 na ushee walipita jua linazama wakienda kulala mikokoni. Hao hawatoki Ulaya, ni Waafrika wenzetu kutoka kaskazini mwa ikweta.

Na wale ndege waitwao wala kaa! Weupe na weusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene. Nimehesabu 214. Kati yao alikuwapo mmoja wa kijivukijivu, mkubwa sawa na wenzake, anamfuata mwenzake kila aendako akilialia. Jirani yangu kibandani akasema, "Maskini, huyo anaumwa." Haumwi. Ni mtoto huyo, anaomba chakula. Wala kaa wanasafiri na watoto wao na wanaendelea kuwalisha miezi kadhaa baada ya kufika, jambo ambalo kwa ndege wa topeni ni nadra mno.

Ombi langu ni moja: tarehe, mahali, idadi. "Niliwaona wengi juzi" haitusaidii.

Chai ya Rangi (Mbagala)

Niko namba mbili hapa. Swali dogo tu mkuu: wanaliwa?

Darubini Chakavu

Karibu. Nilishakuhesabu kabla hujaandika.

Bi Mkubwa wa Jomvu (Mombasa)

Mwanangu, nimesoma yote. Umemtaja sululu ukampita mbio, nami ndiye ninayemjua. Utotoni kwetu Jomvu nyumba ilikuwa karibu na mikoko. Usiku unamsikia anapiga filimbi sita au saba mfululizo, haraka haraka, sauti ile ile, haipandi wala haishuki. Mama alikuwa akimsikia husema, "Haya, kaskazi hilo," na kuanzia siku hiyo baba huanza kuuliza habari za majahazi.

Jina lake nalo mtazame. Sululu si hicho chombo cha kuchimbia, kilichopinda? Basi na mdomo wake ndio huo huo, anachimbia kaa. Sijui nani alimpa mwenzake jina.

Darubini Chakavu

Shikamoo Bi. Asante sana kwa hiyo. Ila niongeze jambo, kwa heshima: sululu wachanga, wa mwaka wa kwanza, wengi hawarudi kaskazini. Wanabaki kwetu kusi lote. Mimi namsikia hata Julai.

Bi Mkubwa wa Jomvu

Marahaba. Mmoja wa Julai tulikuwa tunamsikia pia, mwanangu, hatukuwa viziwi. Mama hakusema "sululu amelia." Alisema wamelia. Usiku mmoja anga zima linapita filimbi, hilo si la Julai.

Darubini Chakavu

Nimenyamaza.

Mnazi Mkinda (Malindi)

Tarehe: Jumapili jioni. Mahali: mdomo wa Sabaki. Idadi: kama 40. Ndege: wale wa Madagaska wenye mkia wa panda na mabawa marefu kama mbayuwayu, wanakaa chini mchangani. Wapo bado! Picha nimeweka lakini simu yangu ndiyo hiyo.

Darubini Chakavu

Kaka, hapo ningekuomba uangalie tena. Wale wa Madagaska ni wageni wa kusi. Wanakuja kwetu wakati kwao ni baridi, kuanzia Aprili hivi, Sabaki wanajaa Julai na Agosti, kisha Septemba wanageuza kwenda kwao kuzaliana. Kumwona mmoja Novemba si muhali, lakini arobaini ni jambo la kuandikia watu barua. Picha naiona ina ukungu. Je, mdomo ulikuwa mfupi umepinda kama wa kuku, au mrefu umenyooka kama sindano?

Mnazi Mkinda

Nimeikuza. Mrefu umenyooka. Na mmoja amebeba kisamaki. Nimejimaliza mwenyewe.

Darubini Chakavu

Haha, sote tumepita hapo. Basi ni buabua wadogo, na kwa Sabaki msimu huu watakuwa wale wa Saunders. Wanazaliana pande za Bahari ya Shamu na Ghuba, kisha wanakuja kwetu kwa wingi. Kwa hiyo usifute, badilisha jina tu. Tarehe, mahali na idadi yako ni safi kuliko za wengi.

Kwa wasiojua: mto ni huo huo na mchanga ni huo huo, ila una zamu mbili. Kusi linaleta wa Madagaska, kaskazi linaleta wa Uarabuni na Siberia. Ukijua mwezi, umeshapunguza nusu ya kitabu.

Mpare Mtoro (Same)

Wakuu, mimi si mtu wa ndege, nimeletwa humu na mke wangu baada ya kuchoka kunisikiliza. Nahitaji msaada.

Juzi Jumanne mvua kubwa ilinyesha usiku. Jumatano jua lilipotoka kumbikumbi wakafumka shambani mpaka hewa ikawa kama imejaa makapi. Watoto wametoka na mabeseni, kuku wamechanganyikiwa, kawaida yetu. Ghafla nikasikia kijana wangu anaita, "Baba, mwewe!" Naangalia juu: si mwewe mmoja, ni kundi. Wadogo, wembamba, mabawa yamechongoka. Wanadaka kumbikumbi kwa mguu na kuwala huko huko hewani. Nilihesabu hadi 150 nikapotea. Kuku hawakuwagusa hata kidogo. Jioni wakaenda kulala kwenye mikaratusi ya shule, mti umejaa kama embe.

Nina miaka 51, sikumbuki kuona kitu hiki. Ni kina nani hawa?

Chai ya Rangi

Mwewe 150 halafu kuku wote wazima? Mkuu, hii chai. Ongeza sukari.

Mpare Mtoro

Ningekuwa na nguvu za kutunga ningetunga kitu chenye hela.

Darubini Chakavu

Kaka Mpare, usimjibu huyo. Jibu haya: 1) Miguu ilikuwa rangi gani, ya njano au nyekundu? 2) Walikuwa wa aina moja wote au wapo wa kijivu kizito na wengine weupe wenye michirizi kifuani? 3) Kijivu akigeuka, chini ya bawa unaona nini?

Binti Mkwakwani (Tanga)

Naomba nikisie kabla hajajibu: kozi wadogo wa Ulaya, wale wanaofuata mvua. Tanga nimewaona wiki iliyopita, wawili, wanakimbiza mbayuwayu bandarini. Kaptula zao nyekundu kama za wanafunzi wa zamani.

Mpare Mtoro

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili yenu. Nimesimama chini ya mkaratusi na mlinzi wa shule ananiangalia kama nimekuja kuiba mabati. Majibu: miguu nyekundu, au tuseme ya chungwa lililoiva. Wapo wa aina mbili. Wa kijivu kizito wana rangi ya kutu mapajani hadi chini ya mkia, na wakiruka, chini ya bawa mbele ni nyeupe kabisa, kama wamevaa fulana. Wengine ni weupe kifuani wenye madoa meusi, na wana "masharubu" meusi shavuni.

Binti Mkwakwani

Basi mimi nimekosa. Kozi wa Ulaya miguu ni ya njano, na hawaendi kundi kubwa namna hiyo kulala mti mmoja.

Darubini Chakavu

Kaka, kaa chini kwanza.

Hao ni kozi wa Amur. Kijivu mwenye weupe chini ya bawa ni dume, mwenye madoa na masharubu ni jike. Wamezaliwa mashariki ya Siberia, Mongolia na kaskazini ya China. Mmoja ana uzito wa gramu 150 hivi, chini ya robo kilo ya sukari. Oktoba wanakusanyika kaskazini-mashariki ya India, wanajaza tumbo kwa kumbikumbi (ndiyo, huko pia), kisha wanavuka India, halafu bahari. Zaidi ya kilomita 3,000 za maji matupu bila mahali pa kutua, siku tatu au nne usiku na mchana, wakisukumwa na upepo huu huu wa kaskazi. Wanaingia Afrika kwa Somalia na Kenya, wanapita kwenu, wanaishia kusini mwa Afrika. Hakuna ndege mwindaji mwingine anayevuka bahari kubwa hivyo mara kwa mara.

Wanakula nini baharini? Wapo wanaoamini wanakula kereng'ende. Kuna kereng'ende wa rangi ya manjano wanaovuka bahari hiyo hiyo, msimu huo huo, kutoka India kupitia Maldivi kuja huku. Jambo hilo liliandikwa mwaka 2009 na mtafiti aliyeishi Maldivi, Charles Anderson, aliyekuwa akijiuliza kereng'ende wanatoka wapi kila Oktoba kwenye visiwa visivyo na maji baridi ya kuzalia. Kwa hiyo ukiona kereng'ende wengi shambani wiki hizi, inua macho.

Mpare Mtoro

Nimesoma hii mara mbili kwa sauti. Mke wangu anasema sasa ndiyo nitakuwa siambiliki kabisa.

Chai ya Rangi

Haya, nimerudisha sukari. Lakini mbona huko India hawajawala wakaisha?

Darubini Chakavu

Umeuliza kwa mzaha ila umegusa penyewe. Mwaka 2012 kwenye bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland, walikuwa wakinaswa kwa nyavu za samaki zilizotundikwa mitini na kuuzwa sokoni. Makadirio ni zaidi ya laki moja kwa msimu mmoja. Picha zikasambaa, na mwaka uliofuata wanakijiji wenyewe, pamoja na kanisa na serikali, wakasimamisha. Novemba 2013 kozi watatu wakafungwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina ya huko: Naga, Pangti na Wokha. Watu wa vijiji walewale waliokuwa wakitega nyavu wakawa wanauliza, "Wetu amefika wapi?" Wakaambiwa: yuko juu ya bahari. Kisha: yuko Afrika.

Wazia mtu kama huyo anasoma ujumbe wa Mpare Mtoro.

Mswahili Maskati (Oman)

Assalaam aleikum kutoka Maskati. Bibi yangu aliondoka Unguja mwaka 1964, Kiswahili hatujakiacha nyumbani, samahani kikiwa na kutu.

Nimefurahi kusoma habari ya wala kaa. Hao ni majirani zangu! Kiangazi wanazaliana kwenye visiwa vidogo karibu na Masirah. Wanachimba shimo mchangani kama panya, refu, jike anataga yai moja jeupe huko ndani. Mchanga wa huku majira ya joto ni moto kama wa kukaangia karanga, basi yai linapata joto bila mama kulilalia sana. Wengi hawaondoki, tope la Barr al Hikman linawatosha. Hao waliokuja kwenu ndio waliochagua safari.

Na swali: nani amemwona kozi wa kijivu-moshi, mwembamba, peke yake? Huyo anazaliana visiwani kwetu, Fahal na Daymaniyat, anachelewa makusudi ili watoto wake waanguliwe ndege wadogo wa Ulaya wanapopita. Kisha anakwenda Madagaska. Mwezi huu lazima apite kwenu.

Dereva Mstaafu (Voi)

Huyo wa kijivu-moshi nimemwona, Ngulia, Tsavo Magharibi. Tena pale anakuja alfajiri kula.

Niliendesha magari ya watalii miaka mingi. Novemba na Desemba, giza la mwezi, ukungu unashuka kwenye hoteli ile mlimani, taa za bustani zimewashwa. Mara ya kwanza nilidhani ni mvua ya majani. Vindege, maelfu, vinaingia kwenye mwanga kutoka kila upande. Vilikuwa vinasafiri usiku juu ya mawingu, vikapoteza njia, taa ikavivuta. Wageni wangu waliacha chakula mezani.

Pale kazi ya kuvalisha ndege pete ilianza mwaka 1969. Mabwana Backhurst na Pearson ndio waliokuwa wakiiongoza, na hadi leo wanakuja watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, Wakenya wakiwemo. Wanaweka nyavu laini, ndege akinaswa anapimwa bawa na uzito, anavalishwa pete yenye namba, anaachiwa. Pete za Ngulia zimeokotwa hadi Uarabuni na Urusi. Nilishikishwa kimoja mkononi, cha rangi ya udongo, gramu 12. Moyo wake haukuwa unapiga, ulikuwa unatetemeka. Nikakifungulia kikabaki kimekaa kiganjani kama sekunde tano, halafu hakipo.

Binti Mkwakwani

Mzee wangu, shikamoo. Huyo wa rangi ya udongo kama ni yule wanaomwita kitaalamu Acrocephalus palustris, basi ndiye fundi wa kuiga kuliko wote. Dume hajifunzi wimbo wa baba yake, maana baba huacha kuimba kabla mtoto hajapata sikio. Anajifunza kwa ndege anaowasikia njiani na huku kwetu. Utafiti wa Ubelgiji uliotoka mwaka 1979 ulikuta dume mmoja kwa wastani anaiga ndege wa aina 76, zaidi ya nusu yao wa Afrika. Yaani Mei mtu yuko Brussels anasikia sauti za vichaka vya Voi bila kujua.

Dereva Mstaafu

Marahaba binti. Hilo sikuambiwa. Miaka yote ile.

Mnazi Mkinda

Sabaki tena, leo asubuhi: buabua wadogo (sasa nawajua) karibu 700, nimehesabu kumikumi. Sululu 12. Heroe 31. Vitwitwi sijui aina, 90. Na mtu mmoja ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Darubini Chakavu

Safi kabisa. "Vitwitwi sijui aina, 90" ni sentensi nzuri kuliko jina la kubahatisha. Kwa wenye simu, mnaweza kuziingiza eBird au Kenya Bird Map, mitandao ya kuwekea kumbukumbu za ndege. Usipotaka, daftari la duka linatosha, mradi lisilowe.

Chai ya Rangi

Na mimi nichangie nisije nikafukuzwa. Tarehe: leo. Mahali: Mbagala, waya wa umeme mbele ya duka langu. Idadi: mbayuwayu 63, nimehesabu nikiwa sina wateja. Koo la kutu, mkia wa uzi mbili. Wamenichafulia mwavuli wote. Nao wametoka Ulaya?

Darubini Chakavu

Ulaya au Asia, ndiyo. Umeona? Tarehe, mahali, idadi. Mwavuli utafuliwa.

Chai ya Rangi

Wasafiri wa kimataifa kabisa na choo hawana.

Mpare Mtoro

Taarifa ya mwisho kutoka Same. Jana jioni walikuwepo bado, nimepata 170 na kijana wangu kapata 188, tukagombana, tumeandika zote mbili. Usiku anga lilikuwa jeupe, upepo unatoka kaskazini. Leo alfajiri mkaratusi mtupu. Chini nimekuta kinyesi cheupe, mabawa ya kumbikumbi, na unyoya mmoja wa kijivu. Mlinzi wa shule anasema waliondoka kabla ya adhana, wote kwa mara moja, bila kelele.

Kijana anauliza watarudi lini.

Darubini Chakavu

Wanarudi kaskazini Aprili, Mei, ila hawasimami sana na wengi hupita wakiwa juu mno. Mwambie asubiri vuli ijayo, mvua ya kwanza kubwa, kumbikumbi wakitoka. Na unyoya auweke ndani ya daftari, aandike tarehe pembeni.

Jumamosi ijayo Mida tena, ila safari hii ni maji mafu, tope halitafunuka sana na ndege watakuwa wametawanyika. Nitakuwa kibandani kuanzia asubuhi, atakayekuja aje na maji ya kunywa na asivae nyeupe.

Bi Mkubwa wa Jomvu

Jana usiku, saa saba na robo, Jomvu. Wamelia. Sikuweza kuhesabu.